Koti Lililokataa Samli

Baada ya matanga ya mama yetu tuligawana nguo zake, kama desturi inavyotaka, na mabinti wa dada yangu wakapigania koti. Vitenge vya mama, vile vizuri alivyovikunja na majani ya mkaratusi katikati, hawakuviangalia mara mbili. Walitaka koti refu la ngozi, la rangi ya kahawia, lenye viwiko vilivyochanika mistari mistari, zito kama blanketi lililonyeshewa. Mmoja alikwisha kulivaa anajigeuzageuza mbele ya kioo, mwingine ameshika mkono wa koti hataki kuachia.

"Ni ngozi ya kweli, Mama mudogo!" waliniambia kwa pamoja. "Ya sasa zinabambukaka mwezi moja tu. Hii haipatikane tena!"

Mimi nilikuwa nimekaa kitandani pa marehemu, nimepakata viatu vyake. Harufu ya koti lile iliponifikia, harufu ya samli ya zamani na moshi wa makala, makaa yetu ya kupikia, uso wangu uliwaka moto. Mtu mzima, mama wa watoto, niliyevaa nguo za msiba, nikaona haya kama mtoto wa shule ya msingi. Nilitazama sakafu mpaka waliponyamaza.

Wenzangu wa rika langu, mliokulia Goma, mnakumbuka kwamba makoti marefu ya ngozi yalikuwa na vyeo vyake. Ya kwanza kuyajua sisi yalikuwa yale yaliyotoka kwenye balo za mitumba, yamebanwa hata yakatoka na mikunjo isiyofutika maisha yake yote. Yalinuka dawa ya nondo. Bitana imechanika, kifungo kimoja hakipo, na mfukoni unakuta tikiti ya basi la mji usioujua. Lakini yalikuwa mazito na yalizuia upepo, na wanawake waliokwenda Kituku, soko la ziwani, alfajiri kungoja samaki waliyavaa juu ya vitenge bila kujali nani anawatazama.

Kisha yakaja mapya. Hayo yalining'inia madukani ndani ya nailoni, meusi, mepesi, yanang'aa, yana mkanda wenye chuma cha rangi ya dhahabu na karatasi nyeupe ndani ya mikono. Tangu yalipofika, yale ya balo yakawa ya kuonea aibu. Sisi watoto tulisema yamevuliwa kwenye miili ya wazungu waliokufa. Sijui nani alianza kusema hivyo, ila mimi niliamini kabisa. Nilipomwona mama fulani anakuja amevaa koti la balo nilihamia upande wa pili wa barabara, maana nilihofu kwamba mzungu mwenyewe yuko nyuma anakuja kudai chake.

Leo mambo yamegeuka tena. Wasichana wa Himbi, mtaa wa wenye nacho, wanavaa makoti marefu bila kufunga vifungo, na viatu vya mpira chini, wanapigana picha kando ya ziwa. Wanauziwa kwa jina la ngozi, na kabla ya Pasaka mabega yameshaanza kubambuka. Sasa ndipo wanayatafuta yale mazee tuliyoyacheka. Dunia rangi rangile.

Lakini nilitaka kusema habari ya Yaya Furaha, dada yangu mkubwa, alipoolewa.

Baba alikuwa amekwisha kufa. Mama alituleta mjini kutoka Masisi, akawa anauza maziwa na jibini vilivyoshuka kwa gari kutoka kwa ndugu zake wafugaji. Nyumba yetu ya mbao ilinuka maziwa mchana na usiku, na mimi nilinuka maziwa darasani, na wenzangu hawakuacha kunikumbusha. Furaha, yeye, alichumbiwa na Dieudonné, kijana wa familia ya kutoka upande wa Bukavu, wakaaji wa Himbi. Baba yake alikuwa karani wa ofisi. Walikuwa na ukuta wa mawe uliopakwa chokaa na geti la chuma, na kwangu mtu mwenye geti la chuma alikuwa jirani wa mbinguni.

Kwetu, katika mahari, mama wa binti hupewa kitu cha kufunika mgongo wake, kwa sababu mgongo huo ndio uliombeba binti katika baridi. Zamani lilikuwa blanketi. Wajomba na baba wakubwa wa mjini wakaligeuza kuwa koti, na yalipokuja makoti meusi yanayong'aa, basi ikawa lazima liwe la ngozi, refu, na jipya. Ng'ombe waweza kusubiriwa, hata shemeji akasamehewa mmoja. Koti la mama halisamehewi. Mama asiyefunikwa mgongo hajamtoa binti yake, na siku ya harusi, watu wa mume wakija kumchukua bibi arusi, yeye husimama mlangoni amelivaa ili kila mtu alione.

Siku ya mahari watu wa Himbi walikuja na koti ndani ya sanduku. Lilipofunuliwa, mashangazi walipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Lilikuwa jeusi tititi. Mama alivalishwa, likamfika kwenye vifundo vya miguu, naye akatembea hatua chache uani kwa mwendo ambao sijawahi kuuona kwake, kifua mbele, kama mwanamke ambaye hajawahi kubeba ndoo. Nilifurahi hata nikapata kwikwi.

Aliyelileta alikuwa Mama Dieudonné mwenyewe, mama wa bwana arusi. Mwembamba, mpole, sauti yake ya chini. Naye alikuwa amevaa koti refu, lakini la kahawia, kuukuu, limechakaa viwiko, na hakulivua wakati wote ijapokuwa tulikuwa tumekaa juani. Shangazi mmoja alimnong'oneza mwenzake bila kuficha sana: "Muone, ye mwenyewe anavala ya balo!" Wakacheka kwa pua. Nami nikacheka. Niliona kwamba tajiri wa Himbi tumempita siku hiyo, na nilihakikisha siketi karibu na koti lake la maiti.

Tangu jioni ile Mama na mwenzake wakaanza kuitana *bamwana*, ndivyo tunavyoitana wazazi wa waliooana. Mama alilitamka neno hilo kila mara alipopata nafasi, hata mbele ya wateja wa maziwa. "Bamwana wangu wa Himbi," alisema, na aliyekuja kununua kikombe kimoja alilazimika kusikia habari ya koti.

Mama alikuwa binti wa wafugaji, na ngozi aliijua. Alilala juu ya ngozi utotoni, akaona baba yake akizilainisha kwa samli na kuzitundika penye moshi mpaka zinakunjika kama kitambaa. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipotoa kopo lake la samli, ile ya njano aliyoitunza kwa ajili ya wazazi na wagonjwa, akakaa jikoni kando ya mbabula, jiko letu la makala, akalilaza koti mapajani.

"Mama, itanuka," Furaha alisema.

"Itanuka kwetu," Mama akamjibu. "Ngozi ni kama mutu. Kama hainywe, itapasuka. Unataka bamwana aseme sikutunza zawadi yake?"

Alipasha samli viganjani, akapaka kuanzia kwenye ukosi, polepole, anaimba kwa pua wimbo wa kuita ng'ombe. Akalitundika juu ya mbabula linywe. Kesho yake samli ilikuwa palepale juu, inang'aa. Hakuna hata tone lililoingia. Akapaka tena, akasogeza karibu na moto zaidi.

"Hii ngombe ilikuwa na kichwa nguvu," alisema, na sisi tukacheka.

Alilikagua kama anavyokagua mnyama sokoni. Alitafuta vitundu vya manyoya, hakuviona. Alitafuta kovu la kupe, hakuona hata moja. Alitafuta mahali ambapo mwiba ulichana ubavu, au mahali pa chuma cha moto cha mwenye ng'ombe. Ngozi yote ilikuwa sawasawa, toka begani mpaka chini. Mtu mwingine angeshtuka hapo. Mama alifikiri kwa akili ya kwao, akapata jibu: "Ngombe za bazungu hazina kupe." Akatikisa kichwa kwa heshima, kama anawaonea wivu wenye malisho mazuri namna hiyo, akaongeza samli.

Siku ya harusi kulikuwa na manyunyu na baridi ile ya asubuhi inayoshuka kutoka mlimani. Mama alivaa koti mapema, akakaa jikoni karibu na moto akiwahudumia wapishi, akiinuka na kuinama, akisimama tena na kuketi. Nilipoingia kumwambia kwamba magari ya Himbi yamefika, nilisikia harufu ambayo sikuijua, lakini nyumba ilikuwa na harufu nyingi siku hiyo, nikapita.

Watu wa mume walijaa uani. Majirani walipanda juu ya ukuta wetu wa mawe meusi kutazama bure. Furaha alitoka chumbani na gauni jeupe la kuazima, nyuma yake watoto wawili wamebeba mkia wa gauni, na Mama akasimama mlangoni kama inavyotakiwa. Mimi nilikuwa ubavuni pake, na kiatu changu kipya kilinibana. Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba, ndiye aliyesema maneno ya kumtoa binti. Kisha Mama akainua mikono yote miwili kumkumbatia mwanawe.

Koti lilipasuka kwa sauti. Lilichanika kwapani, likashuka mgongoni, na ile nyeusi yote ikaanza kuachana na kitambaa cheupe kilichokuwa chini yake, ikadondoka vipande vipande, kama majivu ya mlima wetu wa moto yanavyoanguka juu ya nguo tulizoanika. Vipande viliganda kwenye kifua cha gauni la Furaha, na palipogusa samli pakabaki madoa. Mama hakuelewa. Aliendelea kumshika binti yake, na kila alivyomkaza ndivyo alivyomchafua.

Mtoto mmoja juu ya ukuta akacheka, na ukuta mzima ukacheka.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Si maneno tu ya kusema. Nilitazama kweli ufa uliokuwa kati ya mawe ya uani, nikapima kama naweza kuingia. Masikio yaliniwaka, machozi yakanijaa, na jambo lililoniumiza kuliko yote lilikuwa mikono ya Mama, maana alikuwa anajaribu kuviokota vile vipande na kuvirudisha begani.

Baba Mkubwa aliokota kipande kimoja, akaingia jikoni, tukamwona kupitia mlango uliokuwa wazi anakitupa juu ya makala. Kilijikunja. Harufu iliyotoka haikuhitaji mkalimani. Nani katika mji huu hajui harufu ya kuwashia mbabula kwa kipande cha nailoni?

"Ni sashe, nailoni tupu!" alipiga kelele. "Munaletea mama ya mutoto sashe? Manto, koti ya mama, njo dote, njo mahari. Kama manto ni sashe, na dote ni sashe. Mutoto hatoke hapa!"

Mjomba wa bwana arusi akamjia juu. "Ninyi njo muliharibisha! Nani alisha kuona mutu anapika manto na mafuta ya ngombe?"

"Tunapika ngozi! Plastiki hatujue kupika!"

Basi yakawa hayo. Walioitana ndugu wiki nzima wakaanza kuitana watu wa ng'ombe na watu wa makaratasi. Dieudonné alisimama kando ya gari lililopambwa maua, hakuthubutu kumtazama mtu. Furaha alikuwa ameketi kwenye kizingiti, amefunika kifua kwa mikono miwili, analia bila sauti, na hata mimi mtoto nilijua kwamba binti aliyevaa gauni akarudishwa ndani haolewi tena kirahisi. Kanisani walikuwa wanangojwa. Kengele ya kwanza ilikwisha kulia.

Ndipo Mama Dieudonné alipopita katikati ya wanaume. Alikuwa amevaa lile koti lake la kahawia. Alifungua vifungo, akalivua. Ndani alikuwa na blauzi ya kitenge iliyochakaa mgongoni, imeshonwa kiraka kikubwa cha rangi nyingine kabisa, na manyunyu yalikuwa yanaanguka. Leo naelewa kwa nini hakulivua juani. Dhiki yote ya nyumba ile ya Himbi, nyuma ya geti la chuma na chokaa, ilikuwa imefunikwa na koti lile. Watu wakaona kiraka. Yeye alijua wanakiona. Akaliweka koti juu ya mabega ya Mama, akamwinamia, akasema kitu sikioni pake ambacho hakuna mwingine aliyekisikia.

Mama alianza kulia. Mbele ya watu, mama yangu ambaye hata kwenye msiba wa baba alijikaza kisabuni.

Mimi niliona wazi kilichotokea, na nilikionea uchungu kwa miaka mingi. Mwanamke tajiri alikuwa amechoka na kelele zetu. Alikuwa ametutupia koti lake kuukuu la balo, la mzungu aliyekufa, kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa ili aache kubweka, na Mama alikuwa analia kwa kudharauliwa.

Mama alipitisha kidole kwenye mkono wa koti. Akalivuta karibu na macho, akanusa.

"Hii ilikulaka majani," alisema polepole. "Muone kupe yake. Muone mwiba."

"Si mupya!" Baba Mkubwa alisema. "Manto ya mama inapashwa kuwa mupya!"

"Mama ni mimi," Mama akasema. "Nimepokea. Mutoto aende kuolewa."

Wakaenda. Furaha aliingia kanisani ameshika maua kifuani juu ya madoa, na picha zote za harusi yake ziko hivyo, hakuna hata moja ambapo mikono yake imeteremka. Mama alikaa benchi la mbele ndani ya koti la kahawia linalomwachia nafasi mabegani. Mama Dieudonné alikaa karibu naye, akitetemeka kwa baridi, na kiraka chake kilitazamana na kanisa lote. Nyuma yangu mashangazi walinong'ona: nguo ya kuazima haisitiri matako. Walikuwa wanamsema Mama. Sikugeuka. Nilihesabu vioo vya dirisha nisisikie.

Lile koti jeusi Mama alilikunja mwenyewe, akalitia kwenye gunia la taka. La kahawia alilivaa miaka yote iliyofuata, na samli lilikunywa. Lilikunywa kopo baada ya kopo, likawa laini, likawa na harufu yetu. Alilivaa kanisani, alilivaa sokoni, alilivaa kuja kuchukua ripoti yangu ya shule, nami nikimwona kwenye lango nilijifanya simjui. Mama Dieudonné hakukanyaga tena nyumbani kwetu. Nilijua kwa nini. Mtu akikutupia mfupa, atakuja kukutembelea kufanya nini? Alituma salamu kupitia Furaha, na sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, waliokaushwa, ambao mimi nilikataa kuwala nikidhani ni masalia ya mezani kwao. Naye Mama alituma maziwa. Kila Noeli Furaha alimwambia, "Mama, twende Himbi," na kila Noeli Mama alikuwa na kazi. Mara moja nilimsikia akisema, kama anayeongea na sufuria: "Nilipika zawadi yake kwa moto. Nitaingia kwao na uso gani?" Nikafikiri ni visingizio tu. Nilidhani tumekubaliana, mimi na yeye, kuwachukia watu wa Himbi.

Hata kwenye matanga ya Mama, Mama Dieudonné alikuja, amezeeka, anatembea na fimbo, lakini hakuingia. Alikaa nje kwenye mawe ya barabarani pamoja na wapita njia waliokuja kula. Nilimpelekea kiti, akashukuru, akabaki palepale. Nikasema moyoni: hata leo tunamnukia.

Basi, siku ile ya kugawana nguo, mabinti walipokuwa wanavutana, Furaha aliingia akawanyang'anya koti.

"Hili si la kugawa," alisema. "Ni la mama aliyemzaa mama mkwe wangu. Hamjui?"

Hakuna aliyejua. Mimi ndiye niliyeulizwa kwa macho, na mimi ndiye niliyekuwa sijui kuliko wote. Furaha alisema bila haraka, akilikunja. Mama Dieudonné mwenyewe alipoolewa, huko Bukavu, watu wa mumewe walimletea mama yake koti la kufunika mgongo. Ndilo hili. Wakati ule mapya yalikuwa ya ngozi. Mama yake alipokufa, binti akalivaa, hakuwa na kingine cha kumkumbuka. Hayo ndiyo aliyoyasema sikioni asubuhi ile: "Hili lilikwisha kulipwa kwa ajili ya mama. Livae, ili mwanangu aoe." Mama alimweleza Furaha mara moja tu, akamkataza kulirudia.

Halikuwa la balo. Hakukuwa na mzungu yeyote. Niliketi pale, na haya niliyoiona utoto mzima ikanitoka, ikaingia nyingine kubwa zaidi.

Kesho yake nililifunga koti kwenye kitenge nikapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Himbi kulirudisha. Geti la chuma lilikuwa limeliwa na kutu. Mama Dieudonné alinikaribisha mwenyewe, akanikalisha, akaniletea chai. Nilipofungua kitenge hakulichukua. Alilaza kiganja juu yake tu, akawa analipapasa.

"Ilikuwa nguvu kama ubao wakati nilimupatia," alisema. "Aliitunza."

"Alipaka samli, Mama."

"Najua." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Unajua, mwanangu, ile nyeusi nilienda kuichagua mimi mwenyewe. Nilishika, nikanusa, nikasema ni ya muzuri. Sikujua. Nilipelekea mama yako plastiki mbele ya batu, wakamucheka mu lupango, mu uwanja yake mwenyewe. Kila siku nilisema leo nitaenda. Nikifika kwenye kona narudi. Nitaingia kwenu na uso gani?"

Nilikiweka kikombe chini. Ilinibidi nimwambie. Nilimwambia kwamba maneno hayohayo niliyasikia jikoni kwetu. Kwamba Mama naye aliamini ameharibu zawadi, amepika kwa moto kitu alichopewa kwa heshima, na ndiyo maana hakuja. Kwamba hakuna aliyemkasirikia. Mimi tu.

Aliinuka kwa fimbo yake, akalichukua koti, akaanza kulivaa, nami nikamsaidia mkono wa pili.

"Unipeleke," alisema.

"Wapi, Mama?"

"Kwenu. Nikaingie."

Tulikwenda polepole, kwa sababu ya magoti yake na kwa sababu ya mawe. Kwenye kona alisimama kidogo, kisha akaendelea. Nyumba yetu ilikuwa tupu, mabinti walikwisha kurudi kwao, mlango umefungwa na mimi nilikuwa na ufunguo. Mama Dieudonné alipanda ngazi zote mbili, akajinyoosha, akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni.

"Hodi," akasema. "Bamwana, hodi."

Akangoja. Nilisimama nyuma yake na ufunguo mkononi, nikaona haya kumpita.